Kikombe cha Baba Kando ya Josho

Baba yangu alikuwa mtu wa josho. Kwa miaka zaidi ya ishirini alisimama ukingoni mwa lile handaki la saruji nje kidogo ya Bariadi, akiwaswaga ng'ombe wa kijiji kizima waruke, waogelee kwenye maji ya dawa na watokee upande wa pili wamenuna, bila kupe. Alimjua kila ng'ombe kwa tabia yake, na wenye ng'ombe kwa tabia zao, na hakuficha kwamba ng'ombe ndio aliowaheshimu zaidi.

Kisha likaja soko huria. Malori ya wanunuzi wapya wa pamba yakawa yanatimua vumbi mbele ya nyumba yetu, kila lori linataka kulitangulia jingine. Serikali ikaacha kuleta dawa ya josho, baba akapunguzwa kazi, na kila mfugaji akajinunulia dukani pampu ya kubeba mgongoni. Baba hakukaa bure hata mwezi. Akachimba kisima hatua chache kutoka kwenye josho lake kavu, kwa sababu pale palikuwa na unyevu, na kwa sababu mama alikuwa akienda mbali kuchota maji kwenye mchanga wa mto.

"Mayu," aliniambia nilipokuja likizo, maana wababa wa kwetu huwaita mabinti zao mama, "hiki kisima ndiyo kiinua mgongo changu."

Mimi nilikuwa nimeanza kazi katika maabara ya maji mjini Mwanza, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijua kwamba dawa za josho za zamani zilikuwa na aseniki, sumu isiyooza wala kuisha. Nikachukua maji yake kwenye chupa, nikaenda kupima. Kipimo chenyewe ni kikaratasi kinachogeuka rangi sumu ikiwepo. Kikaonyesha unjano hafifu sana, wa kutafuta kwa macho. Nikamrudia baba nikitamba kama daktari.

"Sumu ipo kidogo mno, maji yanafaa," nikasema. "Ila tuikamate kabisa. Weka samadi. Mboji hushika madini ya sumu yasitembee."

Nilikuwa nimesoma hivyo, tena ni kweli, kwa risasi na shaba. Kwamba aseniki ina tabia yake, ukurasa huo nilikuwa sijaufikia. Na ushauri wa samadi huwezi kumpa Msukuma ukategemea ataweka ndoo mbili. Baba alikuwa na zizi lenye samadi ya miaka, amelundika mpaka ua umezama. Alijaza josho zima, akazungushia kisima lundo linalonifika kifuani, akalimwagilia. Majirani wakaja kutazama, naye akawaeleza kwa fahari kwamba ni utaalamu wa binti yake.

Mwaka uliofuata nilikuta maji yamekuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Nikapima Mwanza. Kikaratasi kikawa njano, kikaendelea, kikawa kahawia mbele ya macho yangu. Nikarudia, kahawia tena. Nikakaa kwenye meza ya maabara kutafuta ukurasa niliopaswa kuusoma mapema.

Jambo lenyewe ni jepesi mno, ndiyo maana liliniuma. Udongo ule mwekundu una kutu ya chuma, na kutu hiyo ilikuwa imeing'ang'ania aseniki kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Samadi ilipooza ilimaliza hewa yote ardhini. Bila hewa kutu ikayeyuka, na sumu yote iliyokuwa imetulia ikaachiwa iende majini. Mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Nilisafiri siku iliyofuata. Nikamkuta baba kisimani, nikamweleza yote nikilia, nikimtaja mama, nikiwataja ng'ombe.

"Ng'ombe?" akashangaa. "Niwape ng'ombe wangu maji ya hapa? Nina wazimu? Mimi ndiye niliyemwaga dawa kwenye josho hili, na nimeona ndama aliyeinywa alivyokufa."

"Na mama?"

"Tangu ulipotaja sumu nilimkataza; anachota mtoni maji ya nyumba nzima mpaka leo. Muulize, ananuna kila asubuhi."

"Kwa hiyo hakuna anayekunywa?"

Akakitazama kikombe kilichokuwa ukingoni mwa kisima. Alikuwapo mmoja. Kila asubuhi, majirani wakipita kwenda mashambani, baba alichota kikombe kimoja, akanywa chote wakimwona.

"Binti yangu amesema maji yanafaa," akasema. "Nisipokunywa mimi, nani atakuamini?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na nikamkumbatia hapo hapo juu ya samadi. Hospitali walimkagua viganja na nyayo, ambako sumu hiyo huacha alama, wakampima na mkojo, wakasema ana bahati na aache. Aliacha. Tukafukia kisima, na tulipokuwa tunaondoa samadi majirani walikuja tena kutazama utaalamu wangu, safari hii wakicheka mpaka wanaegemea majembe. Hata mama alicheka, na alikuwa na haki zaidi ya wote.

Baba alichimba kingine juu kabisa ya mwinuko, mbali na josho. Nilipima maji yake mara tatu, kikaratasi kikabaki cheupe. Siku ya kuanza kuyatumia watu walijaa. Baba akachota kile kikombe chake, akanipa mimi.

"Hiki anza wewe, mtaalamu."

Karatasi ya majibu ilikuwa mfukoni mwangu, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na bado niliitoa nikaisoma tena kabla ya kukileta kikombe mdomoni. Nilipokimaliza nilimtazama baba. Yeye alikuwa amekunywa mwaka mzima bila karatasi yoyote, kwa neno langu tu.