Hatukuwahi Kukaa Nyumba Moja

Mume wangu, Antwi Bosiako, aliishi Ulaya miaka mingi akiwa kaka yangu. Ndivyo alivyomwambia mwanamke aliyekuwa akikaa naye huko: kwamba mimi, Afia Birago wa Effiduase, ni dada yake wa tumbo moja. Alipomchukua binti yetu Pokuaa akasome huko, akasema ni mpwa wake. Kwetu Waasante, mjomba kumlea mtoto wa dada yake si jambo la kuuliza, basi uongo ukakaa vizuri kama mto kwenye kochi. Yule mwanamke, mtu wa pwani ya nchi yetu mwenye adabu zake, akawa ananipigia simu sikukuu na kuniita wifi. Nami nikaitikia, nikidhani ni mke wa rafiki fulani anayejipendekeza.

Pokuaa alipopata akili za kikubwa ndipo akaniambia mimi ni nani kwa yule mwanamke. Nilishika mchi wangu nikaponda fufu, ule ugali wetu wa muhogo na ndizi, na wateja wa mgahawani kwangu walisema haijawahi kuwa laini namna ile.

Basi Pokuaa akaolewa huko, akashika mimba. Akanipigia analia, anataka nije. Kwetu mtoto mchanga huogeshwa na mama wa mama yake. Hapewi nesi, hapewi jirani. Maji ya moto, mafuta, kumkanda kichwa kikae sawa, kumnyoosha viungo. Mimi niliogeshwa hivyo, Pokuaa niliogeshewa hivyo na mama yangu. Nikaomba viza kama mgeni, nikakataliwa. Nikaomba tena, nikakataliwa tena.

Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, nao ulikuwa Antwi. Wakati huo yule mwanamke alikuwa ameshajua wifi yake ni nani, na alikuwa amemtupia mabegi nje. Antwi alikuwa akiishi peke yake katika chumba, akila mkate na samaki wa kopo. Nilipomwambia aniombee viza ya mke, alifurahi mpaka nikamwonea haya kidogo. Alidhani nimemkumbuka. Nikamwacha adhani.

Yeye alihojiwa kwanza, hukohuko. Halafu akanipigia kunifundisha majibu.

"Watakuuliza tuliishi wapi," alisema. "Sema nyumba moja. Chumba na sebule, mapazia ya kijani."

"Hatukuwahi kukaa nyumba moja."

"Afia, wale hawaelewi mambo yetu. Ukisema kila mtu alikaa kwao, watasema hiyo si ndoa. Mimi nimeshasema kijani. Usije ukasema bluu."

Kwetu mjini ndoa nyingi za zamani zilikuwa kama yetu. Mimi nilikaa kwa mama yangu, yeye kwa mama yake, soko likiwa katikati. Jioni nilipika, nikafunika bakuli kwa kitambaa kilichopigwa pasi, nalo likapita mtaani kichwani mwa mtoto, kila mtu akiona Birago anamlisha mumewe. Usiku nilikwenda kwake mimi mwenyewe, alfajiri nikarudi kwetu. Mama yangu aliolewa hivyohivyo, akafa akiitwa mke.

Siku ya mahojiano nilifika ubalozini Accra nimevaa kitenge changu cha kanisani. Aliyenihoji alikuwa mama wa kizungu, mwembamba, mpole wa sura. Kando yake alikaa mkalimani, Bwana Selorm, mtu wa kabila la Waewe mwenye upara, aliyejifunza Kitwi, lugha yetu, shuleni Kumasi. Kitwi chake kilikuwa safi mno, kama cha mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Jina la mama mkwe, siku ya kupokea vinywaji vya mahari, nani alishuhudia. Kisha akauliza tuliishi wapi, na jiko lilikuwa upande gani wa nyumba.

Mapazia nilikuwa nayo mdomoni. Lakini jiko Antwi hakunifundisha, na nyumba ya kwao yenye jiko ilikuwa moja tu, nayo jiko lake lilikuwa la dada yake, Tiwaa. Nikajiona nikisema mbele ya watu wa serikali kwamba nilikuwa nikipika katika jiko la Tiwaa. Hata kwa viza, sikuweza.

"Mimi nilikaa kwetu," nikasema. "Yeye alikaa kwao."

Bwana Selorm hakutafsiri. Aliniinamia kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina maana kwamba tulikuwa tumetengana kwa muda.

"Nani kasema kutengana? Nimesema nilikaa kwetu."

Akatafsiri. Yule mama akaandika, akanyanyua macho, akasema jambo refu. Bwana Selorm akaniletea kwa upole, kama mtu anayebeba habari ya msiba: mume wangu amesema tuliishi pamoja miaka yote. Mmoja wetu hasemi kweli. Kama maelezo hayatalingana, ombi litakataliwa.

Nilimwona Pokuaa na tumbo lake, na mkono wa mtu nisiyemjua ukimshika mtoto kichwa vibaya.

"Mwambie ampigie simu," nikasema.

Sikutegemea akubali, lakini alikubali. Akaweka simu mezani, sauti ikatoka nje. Antwi akaulizwa kupitia kwa Bwana Selorm, akajibu kwa sauti ya kusomea Biblia: nyumba moja, chumba na sebule, mapazia ya kijani. Nikaomba ruhusa nimsalimu mume wangu. Nikapewa.

"Baba Pokuaa, hujambo."

"Sijambo, mke wangu mpenzi." Hajawahi kuniita hivyo tangu azaliwe.

"Nina swali moja dogo. Katika hiyo nyumba ya mapazia, ule mchuzi wangu wa konokono uliourudisha, ulitoka wapi ukaenda wapi?"

"Afia, si wakati wake huu."

"Nauliza tu. Bakuli lilipita sokoni limejaa, halijaguswa, watu wanachungulia konokono wangu. Lilikuwa linatoka sebuleni kwenda chumbani?"

"Mchuzi ulikuwa na chumvi!"

"Chumvi alitia dada yako."

"Tiwaa usimwingize! Chakula chako kila siku kilifika kwa mama yangu kimepoa. Unajua kwa nini? Kwa sababu hukumpitisha mtoto njia fupi. Ulimzungusha soko zima ili watu wakuone unapika."

"Na walikuona wewe unarudisha."

"Kutoka kwenu mpaka kwetu pua na mdomo, na bado fufu inafika baridi kama jiwe! Mwanamume gani angevumilia?"

Mwanzoni Bwana Selorm alikuwa akitafsiri. Kisha akaanza kuachwa nyuma, anaruka sentensi. Kisha akanyamaza kabisa, kalamu hewani. Na mwisho, Mungu ambariki, akaisogelea simu akamwambia Antwi kwa Kitwi chake cha redioni: "Lakini ndugu yangu, kurudisha chakula cha mke mchana kweupe, hapo ulikosea."

Antwi akauliza huyo ni nani anayeingilia ndoa ya watu.

Yule mama akagonga meza kwa kidole. Bwana Selorm akakaa sawa, akaeleza. Alieleza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mikono bakuli, kichwa, njia, soko. Mama wa kizungu alisikiliza bila kuandika. Akauliza jambo moja, akajibiwa, akafunika mdomo kwa kiganja. Akakata simu, na Antwi bado anazungumza habari za chumvi.

"Anasema," Bwana Selorm akaniambia, "mume wako mwenyewe amesema kwenu na kwetu. Hilo limekwisha. Sasa anauliza swali la mwisho. Mkiwa huko, mtaishi nyumba moja?"

Nilijua ni wapi nitalala. Kwa Pokuaa, kwenye godoro kando ya kitanda cha mtoto. Antwi na chumba chake hawakuwamo kabisa katika safari hii. Na nilijua pia jibu gani linatakiwa mezani.

"Mwambie," nikasema, "nitakaa pale mjukuu wangu atakapoogeshwa."

Bwana Selorm alinitazama. Aliutazama ukuta. Kisha akamgeukia yule mama, akasema maneno machache sana, machache kuliko yangu. Sijui yalikuwa nini mpaka leo, wala sikumwuliza. Yule mama akaitikia kwa kichwa na kuandika.

Pasi yangu ilirudi na viza ndani, na Pokuaa bado hajajifungua. Mtoto ni msichana. Nilimwogesha kwa mikono yangu, nikamkanda kichwa mpaka kikawa duara, naye akapiga kelele za mtu mwenye afya. Antwi alikuja na suti, akaketi sebuleni kwa mkwewe akingoja aitwe amwone. Tulimwita. Ila tuliwaita majirani kwanza, wakampita pale alipoketi.