Shuka la Kumgeuzia Mama

Fundi cherehani alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, na huyo aliishi ng'ambo miaka mingi. Alirudi mama yao akiwa keshazikwa. Ndege zilijaa, alisema, na hakuna aliyemlaumu. Fundi alimlaumu kimoyomoyo, akamwomba Mungu msamaha, kisha akamlaumu tena.

Mchana ule walikula wali na maharage sebuleni kwa marehemu, wao wawili na mjomba wao, kaka wa mama. Mjomba hakuwa na macho ila kwa mgeni.

"Ehe, mpwa wangu, ni kweli huko vyombo vinajiosha?"

"Vinaoshwa na mashine, mjomba. Unavipanga, unabonyeza, unaenda zako kulala."

"Na baba mwenye nyumba anafanya nini?"

"Ndiye anayevipanga."

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Fundi akampa maji. Tangu alfajiri alikuwa ameosha vyombo vya waombolezaji mpaka vidole vikamkunjamana, na hakuna aliyeuliza vimejioshaje.

Hadithi zikaendelea: bomba la maji ya moto, umeme usiokatika, basi linalofika kwa dakika iliyoandikwa. Fundi alitafuna taratibu, akiona wivu. Mama mwenyewe ndiye aliyeuanzisha. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa habari za mwanawe wa ng'ambo, "yuko hospitali kubwa kabisa," huku Fundi amesimama palepale na beseni mkononi. Wala hakuyataka hayo maji ya moto. Alitaka neno moja tu litoke kinywani mwa mdogo wake, mjomba akisikia: dada, wewe ndiye uliyemuuguza mama.

"Kwani pale hospitali wewe ni nani hasa?" akauliza. "Mama hakuwahi kutufafanulia."

Mdogo wake akaweka kijiko chini. "Si hospitali, dada. Ni nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani wasipate vidonda."

"Wazee wa nani?" mjomba akauliza.

"Wa watu."

Mdogo mtu akageukia dirisha. Nje, kwenye kamba, lilianikwa shuka nene lenye mikono minne ya kitambaa, miwili kila upande.

"Lile ulilinunua wapi, dada?"

"Nilishona mwenyewe. Mama alikuwa mzito, nami niko peke yangu. Unashika mikono, unavuta, anageuka bila kuumia. Mkono wa kwanza ulikatika, nikaurudia kwa uzi wa mabegi."

"Kazini tunayo mashuka kama hilo, ya dukani." Machozi yakamtoka. "Nimegeuza mama za watu miaka yote hii. Wengine wananiita mwanangu. Wangu sikumgeuza hata mara moja. Wewe ndiye uliyemuuguza, dada, na nakuonea wivu mpaka naona haya kusali."

Lile neno ndilo hilo, limekuja. Fundi alilisikia likishuka tamu, akauonea aibu utamu wake, maana mwenzake alikuwa analia. Hata hivyo hakutamani lirudi lilikotoka.

"Nipe lile shuka, dada. Niondoke nalo."

"Hapana."

Lilimtoka haraka mno, hata yeye akashtuka. Mjomba akakohoa. "Mpe mwenzio bwana, shuka tu hilo."

"Mjomba, kula, chakula kinapoa." Kisha, kwa upole, akamwambia mdogo wake, "Nitakushonea jingine. Zuri kuliko hilo, na mikono sita ukitaka."

"Hilo jingine halikumgeuza mama."

Fundi akafikiri. Angeweza kusema shuka ni shuka. Angeweza kwenda kulianua na kumkabidhi, na pengine Mungu angependezwa naye zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Halikumgeuza." Akavuta bakuli la maharage, akampakulia mdogo wake mengine.