Unyevu wa Kupigia Pasi

Mama Pasi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kitambaa hakikuweza kumdanganya. Miaka ishirini na miwili alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chake cha mbele, na unyevu aliujua kwa shavu. Shati likitoka kwenye kamba alilibandika shavuni, akafumba macho kidogo, akasema, "Hili bado," au "Hili limepitiliza, linyunyizie." Likiwa kavu mno mikunjo haiondoki. Likiwa maji mno pasi inalia na kola inavimba. Katikati pana unyevu mmoja tu, aliouita unyevu wa kupigia pasi, na kwa unyevu huo alilea watoto wawili mpaka wakaenda kwao, na mume mmoja mpaka akaenda kwa mwingine.

Mume huyo hakuwa na jina tena humo ndani. Aliitwa Yule.

Yule aliondoka mchana kweupe na begi, redio, na mabata sita ndani ya tenga. Begi na redio Mama Pasi hakuvililia. Mabata ndio waliomkaa rohoni, maana uzao wao ulitoka kwa jike mmoja aliyepewa na marehemu mama yake siku alipoolewa: jike mweupe mwenye kichwa cheusi, na wote waliofuata walikuwa hivyohivyo, weupe, kama waliovishwa kofia.

"Hawa ni mali ya nyumba," Yule alisema akifunga tenga kwa kamba.

"Nyumba ipi?" Mama Pasi aliuliza.

Yule alikaza fundo, akajitwika tenga. Mwezi haukuisha habari ikaja kwamba bibi mdogo alipata wageni, na mabata wote sita wameliwa, hata dume.

Lakini mtu asiyewahi kushika ufagio hawezi kuujua uwanja. Nyuma ya pipa la maji palikuwa na kiota ambacho Yule hakukiona kwa miaka yote aliyopita hapo akienda kuoga. Siku ileile aliyoondoka, Mama Pasi alipiga magoti akaingiza mkono, akatoa mayai kumi na sita. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya bata wa mama yake. Yakiharibika, basi.

Mashine ya kutotolea alikuwa nayo. Ilikuwa kabati kuukuu alilogeuza fundi redio wa mtaa wa pili: taa mbili, feni ndogo, tundu la hewa ubavuni, kioo mlangoni, karai la maji chini, na kipimo cha unyevu chenye mshale, kilichochomekwa juu ya mlango uso wake ukiwa nje. Tatizo ni kwamba mara ya kwanza kuitumia, Yule akiwa bado hajaondoka, aliua dazeni nzima. Bata si mtoto wa maji? Basi alijaza karai pomoni, akaweka na taulo zinazochuruzika, siku zote tangu ya kwanza. Siku ya ishirini na nane ikafika, kimya. Ya thelathini, kimya. Akamwita bibi mifugo, binti aliyezunguka mitaani na mkoba wa chanjo. Binti akavunja yai moja juu ya gazeti, akainama.

"Mama, huyu amezama."

"Nani amezama?"

"Kifaranga."

"Bata? Bata azame?"

"Ndani ya yai hata bata huzama." Akamwonyesha kwa ncha ya penseli. "Ona, maji matupu. Yai linatakiwa lipoteze maji yake kidogokidogo, ili huku kwenye kitako nafasi ya hewa ikue. Hapo ndipo kifaranga anapovuta pumzi ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Wewe ulimfungia hewa yote."

Mama Pasi alitazama kile kidudu kilicholowa. "Mbona na watu wanaopendwa kupita kiasi hufa hivihivi," akasema. "Haya, nifanyeje?"

"Siku ishirini na tano za mwanzo, unyevu wa wastani. Siku tatu za mwisho unaongeza sana, ili ngozi ya ndani ya ganda iwe laini, isimbane kifaranga anapotoka. Na siku hizo tatu, mama, mlango haufunguliwi. Nikuandikie?"

"Karatasi itanisomea nani? Ngoja." Akaingia ndani, akarudi na vitambaa viwili. Kimoja kilikuwa na unyevu wa kupigia pasi, kingine kilikuwa kimekamuliwa sasa hivi. "Mwanzo hivi, mwisho hivi?"

Binti alivishika kimojakimoja, akacheka. "Hivyohivyo. Mimi nilikaa chuo miaka miwili kujua hilo."

Kwa rangi ya kucha wakatia alama mbili kwenye kioo cha kipimo, moja ya chini, moja ya juu.

Ndiyo maana safari hii Mama Pasi hakuwa na papara. Kila yai alilichora msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, akayageuza asubuhi, mchana na jioni, asichanganye. Kila wiki alivuta pazia, akamulika mayai kwa tochi, akachora kwa penseli mstari pale ilipofikia nafasi ya hewa. Mstari ulishuka vizuri, wiki hata wiki. Mayai mawili yalikuwa meupe ndani, hayana kitu, akayatoa. Yakabaki kumi na manne, na ndani yake mishipa kama uzi mwekundu wa kushonea.

Zilikuwa siku nzuri zile, ingawa hakumwambia mtu. Zamani aliamka mapema kwa ajili ya chai ya Yule. Sasa aliamka mapema kwa ajili ya mayai, na mayai hayakusema chai imepoa. Alipiga pasi huku kabati likinguruma polepole kando yake, na mara nyingine alijikuta anaimba, akanyamaza haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Siku ya ishirini na tano aliacha kugeuza. Akajaza karai, akatundika taulo iliyokamuliwa, mshale ukapanda mpaka alama ya juu, kioo kikashika ukungu. Akafunga mlango kwa utepe wa kitambaa, mafundo mawili.

Asubuhi ya siku ya ishirini na saba alimulika kwa tochi kupitia ukungu wa kioo, akaona mayai matatu yametoboka, na kwenye tundu la hewa ilisikika sauti nyembamba. Siku hiyo kulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni ya kupeleka. Akamwacha wifi yake. Huyu alikuwa dada yake Yule, ila mguu wake haukukatika hapo nyumbani. "Kaka ameacha mke," alikuwa akisema, "mimi sijaacha wifi."

"Kaa hapa," Mama Pasi alimwambia. "Usiguse kitu."

Aliporudi, utepe ulikuwa sakafuni. Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja, na kioo kiking'aa kama cha duka la vinyozi.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia!" Wifi alikuwa na kitambaa mkononi bado. "Kioo kilijaa ukungu, wifi, huoni hata kitu. Nikakifuta ndani na nje. Halafu nikasema, viumbe wa Mungu hawa, wamefungiwa kama wezi, acha wapate hewa."

"Tangu saa ngapi?"

"Ulipopiga kona tu."

Mama Pasi alifunga mlango. Mshale ulikuwa umeanguka chini ya alama zote mbili. Katika yai la mbele, ngozi iliyoonekana kwenye ufa, ambayo asubuhi ilikuwa laini, sasa ilikuwa nyeupe na kavu kama karatasi, na sauti ilikuwa imekatika. Kuongeza maji kwenye karai ni lazima afungue tena. Akifungua tena, hata unyevu kidogo uliobaki utatoka. Alisimama na mkono kifuani. Kisha akatazama dirishani, uwanjani, ambako mashuka mengine yalikuwa yamening'inia yakidondosha maji.

"Lete mashuka," akasema.

"Hayajakauka!"

"Ndiyo hayohayo. Yote. Na ufunge mlango huo nyuma yako."

Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akasogeza meza mpaka ubavuni kwa kabati, kwenye tundu ambalo feni ilivutia hewa. Akachomeka pasi. Kisha akafanya jambo ambalo angemfukuzia msaidizi yeyote: alitandaza shuka linalotiririka akaliwekea pasi ya moto. Pasi ililia. Mvuke ukapanda mpaka darini.

"Lingine!"

"Wifi, nakufa kwa joto."

"Utakufa ukinyoosha shuka. Shika ncha hiyo."

Shuka la nne, mshale ukagusa alama ya chini. Jasho lilimtiririka wifi mpaka wanja ukamshuka mashavuni. "Natamani Yule angekuona," akasema, akahema. "Angesema umechanganyikiwa."

"Angesema chai iko wapi."

Wifi akaangua kicheko, akakizuia kwa shuka. Kufika la tisa, kioo cha kabati kilianza kufifia pembeni, kisha katikati, kisha hakikuonyesha kitu tena isipokuwa mwanga wa njano. Mshale ulikuwa juu ya alama ya juu. Mama Pasi alizima pasi. Wakakaa sakafuni bega kwa bega, wamelowa. Muda ulipita, wifi akawa anamung'unya dua. Kisha kwenye tundu: pii. Na nyingine ikaijibu.

Alasiri walitoka wanne. Mpaka asubuhi ya siku iliyofuata walikuwa kumi na wawili, wamekauka, manyoya ya njano na kofia nyeusi kichwani, kila mmoja. Yai moja halikutoboka kabisa. Lile la mbele lilitoboka likaishia hapo. Mama Pasi alijua ni kwa nini, na wifi alijua, naye alipokwenda kulifukia nyuma ya pipa alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Alipoingia alikuta amemiminiwa chai.

"Wifi," akaanza, akizungusha kikombe, "kuna neno nimetumwa. Kaka alisikia habari za mayai. Anasema wakitoka, anaomba jozi moja."

Mama Pasi alikuwa ameshika shuka la jana. Yote tisa yalikuwa yamejikunja vibaya, yanataka kufuliwa upya, kazi ya siku nzima. Akalibandika shavuni, akafumba macho.

"Mwambie fungu lake wageni walishalila."

"Nitamwambia hivyohivyo. Na mimi?"

"Wewe utapata jozi." Akalitupa shuka kwenye beseni. "Wakiwa wakubwa. Wakishaweza kujifungulia mlango wenyewe."

Kisha akamimina maji kidogo kwenye kisahani, yasiyofika hata magotini mwa kifaranga, akakiweka chini, na wale kumi na wawili wakakivamia kwa pamoja wakamlowesha miguu.