Nilivyotolewa Kwenye Kikao cha Maharagi

Mama aliyenipa chumba Masisi hakunipenda tangu nilipotua begi langu mlangoni kwake. Alitazama viatu vyangu, akatazama uso wangu, kisha akamgeukia mratibu wa kikundi aliyenileta, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Huyu naye anakuya kufanya nini?"

"Iko stajiere, Mama. Anatoka Tanzania, anakuya kujifunza kazi yetu."

"Watu wanajifunziaka kwetu tu," akasema, akarudi kwenye ndoo zake za maziwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kikundi kidogo cha watu wa palepale, kilichotetea haki za wanavijiji na kusuluhisha ugomvi wa mashamba. Mimi nilikuwa nimemaliza kusoma sheria, sina ajira, na mazoezi ya kazi nje ya nchi yalionekana kuwa jambo la kujivunia. Nilikwenda nikiamini Kiswahili kitanifungulia kila mlango. Badala yake kilinifanya kichekesho. Kila nikifungua mdomo walisema nazungumza kama redio, na wengine walinyamaza kabisa mpaka nipite.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane. Aliishi kwa kuuza maziwa na fromaji, yaani jibini, ya ng'ombe wachache aliobaki nao. Kila asubuhi alinipa kikombe cha maziwa bila salamu, nami nilikunywa bila kuongeza neno baada ya asante.

Alasiri moja ya mvua tulikuwa tukimenya viazi jikoni, akaniuliza baba yangu hufanya kazi gani. Lilikuwa swali lake la kwanza lisilo na makali, nikalidaka kwa pupa. Nikamweleza kwamba baba ni mkulima, Morogoro, na kwamba mwaka mmoja wachungaji waliingiza ng'ombe kwenye mahindi yetu. Alipokwenda kuwazuia walimpiga fimbo mpaka mkono wa kushoto ukavunjika, na haukunyooka tena.

"Pole," akasema, akaendelea kumenya.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na kikao kanisani. Mama mmoja mkulima alikuwa analalamika kwamba ng'ombe wa jirani yake wamekanyaga maharagi yake yakiwa kwenye maua. Mratibu alikuwa amenionya nikae kimya, nisikilize tu. Nilikaa benchi la nyuma. Sala ya kufungua ilipokwisha tu, mwenye ng'ombe akasimama na kuninyooshea fimbo yake.

"Mbele ya kuanza, huyu mugeni atoke. Baba yake aligombana na wachungaji kule kwao. Ataleta hasira yake juu ya ngombe zangu."

"Nani amekuambia hivyo, Papa?" mratibu akauliza.

"Shemeji yangu, mwenye kumulalisha. Iko kweli ao haiko kweli?"

Watu wote wakageuza shingo. Nikasimama.

"Baba hakugombana," nikasema. "Alipigwa."

Mratibu akafumba macho. "Toka inje, tafazali."

Nikatoka. Nilisimama kwenye manyunyu nikisikia sauti zikipanda ndani, halafu mlango ukafunguliwa na watu wakaanza kutoka makundimakundi, kila kundi likienda upande wake. Hawakuwa wamepatana. Yule mama wa maharagi alinijia moja kwa moja. Kwa ujinga nilidhani anakuja kunipa pole.

"Nilingoyea huu mukutano tangu mvua ya kwanza," akasema. "Sasa amepata sababu ya kukatala. Weye utarudi kwenu. Mimi nitabakia na zile ngombe pembeni ya shamba yangu."

"Si mimi niliyemwambia, Mama."

"Kama haukukuya, angeambiwa nini?"

Kwa kitambo kile nilimchukia hata yeye, niliyekuwa upande wake.

Nyumbani nilimkuta mama mwenye nyumba akichuja maziwa. Sikuvua hata koti.

"Nilikueleza jambo la nyumbani kwetu, Mama. La familia yangu."

"Uliniomba nifiche? Haukuomba." Hakuinua kichwa. "Yule iko muloko, mudogo wa bwana yangu. Nimuache aingie kwenye mukutano kama kipofu?"

"Mkono wa baba yangu si maneno ya kupeleka kanisani!"

Hapo ndipo alipoweka ndoo chini.

"Na ngombe zangu? Watu wa bunduki walizibeba karibu zote, na bwana yangu akafia mu ile mambo. Weye, siku zote unalala hapa, uliniuliza? Unakunywa maziwa, unaangaliaka pembeni. Unatuchukia sisi watu wa ngombe."

"Nawachukia waliompiga baba."

"Na mimi? Kwako mimi niko mumoja wao?"

Nilipaswa kusema hapana. Nilimtazama, nikaona mikono yake iliyolowa maziwa, na neno halikutoka. Alingoja. Alipoona limekwama akachukua tena ndoo yake.

"Njo hivyo. Kesho tafuta fasi ingine."

Mratibu alinipeleka Walikale, kwa kikundi kingine cha haki za watu pale Mubi. "Kule hakuna ngombe," akasema, wala hakutabasamu. Nilifika kwa pikipiki, nimejaa tope mpaka kiunoni. Wenye maduka wa mji ule wa machimbo walinidhania mnunuzi wa madini aliyejificha, wakawa wananipandishia bei na kunong'ona nikigeuka.

Nilikuwa bado huko mratibu wa Masisi aliponipigia simu. Kikao kilikuwa kimerudiwa. Mwenye ng'ombe amekubali kujenga uzio. Maharagi hatayalipa.

"Iko bien, iko muzuri," akasema. "Yule mama amekubali."

"Amekubali au amechoka?"

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake.

"Stage yako ya kujifunza kazi inaisha lini?" akauliza.

"Mwezi huu."

"Bien." Akakata.

Nilirudi ndani, wenzangu wa Mubi wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri mkutano uanze. Nikakaa mwishoni. Hakuna aliyenisogelea, na sikumwomba mtu anisogelee.