Kigoda cha Mama Koros

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua ya mawe imepiga chai saa nane mchana, ikaacha majani yamechanika kama kitambaa kilichotafunwa na ndama. Sasa ni manyunyu tu, na baridi.

Mwanangu Ouma, uliondoka hapa kabla ya mvua hiyo, na sijui kama ulifika Mogogosiek ukiwa mkavu. Nimekaa na daftari hili muda mrefu nikijiuliza kama mimi ni mtu wa kukushauri. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mambo mengi maishani sikuyafanya vizuri. Lakini iko Jumapili moja ya ujana wangu ambayo hainitoki, na leo imerudi ikakaa nami hapa mezani.

Ilikuwa ile miaka ya thelathini, mashamba ya chai ya Kericho yakiwa bado machanga na msitu ukikatwa kila siku. Nilikuwa nimetoka kwetu ziwani, nikapata kazi ya kupima majani kwenye mizani. Nikajinyima mpaka nikanunua baiskeli. Wewe na pikipiki yako huwezi kujua baiskeli ilikuwa nini wakati ule. Watu walikuwa wakiacha jembe waje kuitazama. Kila Jumapili nilitoka alfajiri, nikapita chini kwenye mto, nikapanda kuelekea Roret. Huko juu palikuwa kimya sana. Palikuwa na nyasi, ng'ombe, na ukungu ukijikunja kwenye mabonde, na hapakuwa na mnyapara wa kuniita. Nilipenda mahali pale kuliko nilivyopenda watu wake, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Rafiki yangu kazini alikuwa Mkipsigis, Arap Koros. Alifanya kazi darini kiwandani, akigeuza majani ili yanyauke sawasawa. Majani ya Jumamosi hayangoji, kwa hiyo Jumapili yeye alikuwa kazini. Alipewa siku moja ya kupumzika katikati ya wiki, na kwao, juu ya Roret, kwa miguu ni siku nzima kwenda tu. Basi mimi nikawa mdomo wake. Kila Jumapili nilipita kwa wazazi wake, nikapeleka salamu na kurudisha salamu. Mama yake aliniita Mtu wa Magurudumu.

"Mtu wa Magurudumu, hiyo kitu yako haijachoka?"

"Haichoki, mama. Nachoka mimi."

"Basi keti. Hiyo isimame, wewe keti."

Mama yule alikuwa na desturi yake, na wazee wengi wa kule walikuwa nayo. Mgeni akifika anatolewa kigoda. Anaketi. Analetewa maziwa yaliyolazwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti. Anakunywa mpaka mwisho. Ndipo habari inatoka, ile ndogo kwanza, kubwa nyuma. Kabla ya maziwa hakuna habari, ni salamu tu. Mimi niliona ni kupoteza saa. Nilikuwa nikitazama jua huku nimeshika kibuyu.

Jumapili ninayosema, nilikuwa na Kamau, fundi wa nguo pale sokoni, ambaye alikuwa amenunua baiskeli mpya. Tulikuwa tumeapa kushindana kwenye ule mteremko mrefu wa kurudi. Hapa nimefuta mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika kwamba Kamau ndiye aliyenihimiza. Si kweli. Tulipofika kwa wazazi wa Koros, Kamau alisema, "Ingia bwana, kunywa maziwa, mimi nitakungoja. Usije ukasema nilikushinda kwa sababu ya njaa." Mimi ndiye niliyekataa. Wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya mlima, nami nilitaka mteremko ukiwa mkavu.

Sikushuka. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Mama Koros akatoka na kigoda mkononi.

"Chamgei," akanisalimu. "Ingia uketi."

"Chamgei, mama. Leo hapana. Mvua inakuja. Jumapili ingine nitakaa."

"Maziwa iko tayari."

"Nitakunywa Jumapili ingine."

Akasimama na kigoda chake. Nikamwuliza, "Nyumba haijambo?"

"Nyumba iko."

"Na mzee?"

"Mzee amelala."

Ilikuwa saa sita mchana, mwanangu. Mzee yule hakuwa mtu wa kulala mchana. Siku zote nilimkuta nje, akichonga kitu au akigombana na mbuzi. Niliona hilo, siwezi kusema sikuliona. Lilipita kichwani kama mbu, nikalifukuza.

"Nimwambie Koros nini?"

Akanitazama, akatazama ule mguu wangu kwenye pedali. "Mwambie tumemsalimu."

Nikageuza baiskeli. Mteremko ule ulikuwa mzuri, sitakuficha. Upepo ulinitoa machozi, Kamau akipiga kelele nyuma yangu kwamba breki zake zimeharibika na kwamba mimi ni mwizi wa njia. Nilimshinda. Nadhani sikuwahi kufurahi na mwili wangu kama siku ile, na ndiyo maana siwezi kuifurahia tena.

Jioni nikamkuta Koros nje ya kiwanda, nguo zimejaa vumbi la majani.

"Umefika?"

"Nimefika. Wanakusalimu. Wazima wote."

Neno "wazima" hakuna aliyenipa. Nililitia mwenyewe, kama mtu anavyotia chumvi.

Koros akauliza, "Mama amekupa maziwa?"

Sasa naelewa alikuwa akiuliza nini. Kwao, mgeni aliyeondoka bila maziwa ameondoka bila habari. Ningesema hapana, angeomba ruhusa usiku huo huo. Mimi niliona aibu kusema nimekataa maziwa ya mama yake.

"Amenipa," nikasema. "Mengi tu."

Akacheka. "Basi ni sawa."

Alhamisi akaja mtu kwa miguu kutoka Roret. Baba yake Koros alikuwa amekufa Jumatano. Alikuwa amelala siku tisa. Katika siku hizo alimtaka Koros, mtoto wake wa kwanza, aje atemewe mate ya baraka na kuambiwa mambo ya boma ambayo baba humwambia mtoto wa kwanza tu. Kila siku aliuliza kama magurudumu yamepita. Jumapili aliambiwa, ndiyo, yamepita. Kwa hiyo Jumatatu alingoja, na Jumanne alingoja.

Koros alikwenda, akakuta ameshazikwa. Aliporudi kazini hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tulisalimiana kama kawaida, tukala pamoja mara kadhaa, lakini tangu siku ile hakunipa tena salamu za kupeleka kwao. Aliwapa watu wanaokwenda kwa miguu. Simlaumu, hata kidogo.

Jumapili ya pili nilikwenda kwa mama yake. Kile kilima cha mwisho nilikipanda nikiisukuma baiskeli, ingawa nilikuwa na nguvu ya kukipanda nimekaa. Niliilaza chini mbali na mlango. Mama Koros akatoka, kichwa amenyoa. Akaweka kigoda. Nikaketi. Akaleta kibuyu, nikanywa mpaka mwisho. Ndipo nikamwuliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umesimama," akasema.

Nikaitazama baiskeli kule nilikoilaza.

"Habari kubwa namna ile ningeiweka wapi?" akasema. "Juu ya baiskeli? Ingeanguka njiani."

Nimelipima jambo hili miaka mingi, kama nilivyokuwa nikipima majani. Pengine angeweza kuniita, kunishika mkono, kupiga ukelele. Wengine huniambia hivyo, kwamba hata mama yule alikosea. Inaweza kuwa. Lakini yeye alitoka na kigoda. Aliniita kwa njia aliyoijua, na njia hiyo mimi niliifahamu, kwa kuwa nilikuwa nimeketi pale Jumapili nyingi. Halafu nikadanganya. Desturi sikuwa na haki ya kuilaumu, maana hata baada ya hapo Koros alinipa nafasi ya pili kwa swali lake, nami nikaifunga kwa mdomo wangu.

Leo ulipofika, Ouma, mama yako alitoa kiti. Hukuzima pikipiki. Hukuvua kofia yako ile ngumu. Ulisema, "Baba, wacha niwahi, mvua inakuja. Wikendi ijayo nitakaa." Sikulaumu, mawingu yalikuwa meusi kweli, na mvua imekuja kama ulivyosema. Nilipaswa kukuambia uzime injini. Niliona haya, kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Ukifika kwa watu, shuka. Keti. Kunywa wanachokupa, hata kama hukitaki, mpaka mwisho. Usipokaa, usiende kusema kwamba wote ni wazima, kwa kuwa hujui. Na ukiulizwa kama ulipewa maziwa na hukunywa, sema hukunywa. Aibu hiyo ni ndogo, itaisha kesho.

Mama yako alikwenda hospitali Ijumaa. Waliyomwambia huko ni yake kukueleza, na alitaka kukueleza leo. Mimi sitayaandika hapa. Usingoje wikendi. Omba ruhusa kazini, uje.

Mungu akupe barabara kavu, mwanangu, akushikie breki kwenye miteremko, na kila mlango utakaofika akuwekee mtu wa kukutolea kiti, nawe uwe na moyo wa kukikalia.

Jioni hii tumekula ugali wa wimbi na mnavu uliotiwa maziwa. Mama yako amekula kidogo sana. Sahani yako ameifunika akaiweka karibu na moto, na kiti chako bado kiko pale pale mlangoni, kimelowa.