Makapi Ndani ya Busaa

Rafiki yangu ndiye alianza kulalamika kwamba busaa yangu ina makapi. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo tuliitana rika mpaka uzeeni, na hapa Kapsoya nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa jikoni kwangu, mtungi katikati, kila mtu na mrija wake. Hatukuuza. Chifu alijua, na wakati mwingine alikuja kuhakikisha hatuuzi mpaka anaondoka akiimba.

"Rika, siku hizi unatupikia kokoto," akasema, akikohoa.

"Meno yako yameisha, usisingizie pombe."

"Tangu lini pombe ikatafunwa?"

Mke wangu alicheka. Mimi nilikasirika. Shule niliacha darasa la tatu, kusoma gazeti kunanitoa jasho, lakini busaa najua. Unga wa mahindi unaukanda, unaufunika uchachuke, unaukaanga juu ya bati mpaka ubadilike rangi, halafu ndio unaweka maji na kimea cha wimbi. Mama alinifundisha, ingawa ni kazi ya wanawake, kwa sababu alizaa wavulana watupu. Na alikuwa mkali huyo mama, wacha tu.

Basi nikanunua chujio jipya sokoni. Jumapili akakohoa tena. Nikatoa pazia la dirishani, lile jepesi, nikalishona mfuko wa kuchujia, na mke wangu akakaa siku nyingi bila kunisemesha. Bado akakohoa. Nikasema basi mtungi ndio umezeeka. Nikatafuta pipa la plastiki la bluu, fundi akalitoboa juu kidogo ya kitako na kufunga mfereji, ili mashapo yabaki chini. Baridi ya Eldoret mwezi wa saba inalaza pombe, haichachuki, kwa hivyo nikalivisha pipa blanketi langu, mimi nikalala na koti. Majirani walikuja kuliangalia kama ng'ombe wa gredi.

Rika akaonja, akashika shingo, akaenda kutapika kwenye michongoma.

Mke wake ndiye aliniita pembeni. "Shemeji, wacha kusumbuka na pombe. Hata ugali hapitishi tangu mahindi yakiwa machanga shambani. Anakunywa uji, na amenikataza nisikuambie."

Hospitali waliingiza kamera kooni wakaona kansa. Ugonjwa huo si mgeni huku. Mtu tuliyepakua naye magunia Moi's Bridge alikufa nao, na ndugu yake huyo, wa Ainabkoi, vilevile, kwa hivyo hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Daktari alisema njia imebaki nyembamba na tumechelewa. Nikamuuliza kama ni busaa. Akasema inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa sigara, hata chai ya moto sana, hawezi kujua. Hilo jibu bado limenikaa hapa kifuani.

Rika alipoanza kushindwa na uji, akaniita. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Rika, nataka tunywe mara moja tena. Nitengenezee yenye itapita."

Nikachuja kwa pazia, nikaacha itulie ndani ya pipa, nikafungulia mfereji taratibu, nikachuja tena kwa pamba. Ikatoka nyepesi kabisa, unaona chini ya kikombe. Nikaipeleka kitandani kwake na mirija miwili.

Alivuta kidogo. Ikarudi kwa pua, na damu. Mke wake akampangusa. Nikataka kuondoa kikombe, akanishika mkono.

"Acha mrija wangu hapa," akasema. "Wewe kunywa."

Nikanywa yote, yeye mrija uko mdomoni, havuti, ananiangalia tu.

"Ikoje?"

"Haina makapi."

"Ni mbaya?"

"Mbaya sana. Kama maji ya kuoshea sufuria."

Mabega yakamtingishika. Hiyo ndiyo ilikuwa kucheka kwake.

Jumapili iliyofuata haikumkuta. Pazia nilimfulia mke wangu, likarudi dirishani, harufu haijaisha. Pipa tunakingia maji ya mvua. Mke wangu huniuliza mbona sipiki busaa tena, na mtungi bado upo. Ningepika, lakini mtungi wa mtu mmoja huharibika kabla hajafika katikati.