Mama Vivinjari na Mdogo Wake

Pale ofisini, juu ya duka la vioo, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Vivinjari, basi. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu mpya za mtandaoni kabla hazijawafikia watu: anafungua ukurasa uleule kwenye vivinjari vyote alivyonavyo, yaani zile programu za kuperuzia mtandao, anabonyeza kila kinachobonyezeka, anaandika kilichogoma. Tabia za vivinjari alizijua kama za mawifi zake. Hiki kina mbio ila kinakula nguvu yote ya kompyuta. Kile kinajitapa kwamba kinatunza siri. Kile cha simu za bei rahisi ni kizito, lakini programu ikikipita hicho, imepita kweli. Ukimpa nafasi, atakulinganishia mpaka chai ipoe.

Mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alimleta yeye mwenyewe. Alimwombea kazi kwa bosi, akamfundisha hatua kwa hatua. Kumbe alikuwa anajipalia makaa. Yule binti ana mkono mwepesi. Akiigusa programu asubuhi, mchana kasoro zake zote ziko nje. Bosi akaanza kuipita meza ya dada mtu bila kusimama. "Kitinda, hebu njoo uone hii!" Dada mtu alicheka na wenzake huku roho inamuuma. Mimi sizungushi maneno: ule ulikuwa wivu. Alimwonea wivu damu yake, alijua, na kujua hakukumsaidia kitu.

Kisha bosi akatangaza kwamba programu ya kuweka miadi ya kliniki ikikamilika, mmoja wao atakuwa mkuu wa majaribio. Mama Vivinjari aliitaka nafasi ile mpaka chakula hakikushuka. Aamrishwe na mtoto aliyembeba mgongoni? Thubutu!

Kwenye kikao Kitinda akasema, "Kwenye kivinjari cha simu, kitufe cha kuthibitisha hakionekani. Mgonjwa anajaza kila kitu, halafu anakwama."

Mama Vivinjari akafungua programu kwenye simu yake. Kitufe hicho hapo. Akaona raha, raha mbaya.

"Kipo!" akasema, akiizungusha simu wote waone. "Mdogo wangu, usituzulie kasoro ili uonekane hodari. Au tukuombee ruhusa ukapime macho?"

Watu wakaangua kicheko. Kitinda akamtazama dada yake, akaifunga kompyuta yake.

Waliporudi mezani ndipo dada mtu alipokumbuka. Alikuwa hajafuta kumbukumbu ya kivinjari. Simu ilikuwa imemletea ukurasa wa zamani uliohifadhiwa, wala si huu mpya. Hilo ni kosa la mjaribu, tena la mwanafunzi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaonya wengine kila siku. Akafuta, akafungua upya. Kitufe hakipo.

Angesimama akasema. Hakusimama. Alijua kuna mgonjwa atakwama na simu mkononi, akajua pia kwamba akisema, cheo kimekwenda. Akabaki anafuta vumbi kwenye kibodi isiyo na vumbi. Hakumwona Kitinda aliyepita nyuma yake, akaitupia jicho ile simu isiyo na kitufe, kisha akaelekea chumbani kwa bosi.

Bosi akatoka chumbani kwake anatabasamu, Kitinda nyuma yake.

"Mama Vivinjari, mdogo wako ameniambia. Kumbe umerudia kujaribu, ukaikuta kasoro, na ukajua kwamba ni ukurasa wa zamani ndio uliotudanganya. Anasema bila wewe asingejua aanzie wapi. Mtu wa hivyo ndiye ninayemtaka. Nafasi ni yako."

Watu wakapiga makofi. Akamtazama mdogo wake, akitafuta walau dalili ya kebehi. Hakuiona.

"Hongera, dada," Kitinda akasema, akarudi kwenye kiti chake kuendelea na kazi.

Cheo akakipata. Na pale pale, makofi hayajaisha, akamwonea wivu mdogo wake kuliko siku zote, safari hii kwa ule moyo wa kumsitiri.